Sayansi ya Kumiliki Mpira na Kuhamisha Upande: Zoezi la Vijana katika Pwani ya Lindi

Wakazi wa pwani ya kusini mwa Tanzania, kuanzia Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko hadi kwenye ghuba ya Lindi, huijua bahari kwa saa zake. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, maji ya bamvua hujaa aghalabu mnamo saa 10 alasiri, na ufuko ambao vijana wangeuchezea mpira huwa umefunikwa. Juma moja baadaye, wakati wa maji mafu, saa hizo hizo huwa ni za kupwa. Maji hayaendi mbali, lakini huacha ukanda wa mchanga mbichi ulioshikamana, nao watosha kwa chandimu. Vijiti husimikwa, pande hutambulishwa kwa kuvua mashati, na mchezo huanza pasipo refa.

Mtu autazamaye mchezo huo kutoka mahali palipoinuka, mathalani kwenye ukingo wa barabara, huona jambo ambalo wachezaji wenyewe hawalioni. Mpira ukiwa kulia, karibu wachezaji wote wako kulia. Ukienda kushoto, kundi zima huuandama kama nzi waandamavyo samaki. Upande wa pili husimama kijana mmoja au wawili, mikono kiunoni, wakingoja kitu kisichokuja. Kundi likishabanana, mwenye nguvu hutoa mkwaju mrefu kwenda mbele, na mambo huanza upya.

Mazoea hayo hayaishii ufukweni. Huvuka hadi uwanja wa shule, na kutoka hapo hadi mashindano ya UMISSETA, ambako timu ya shule hukutana na timu zilizofundishwa zaidi. Kwa mwalimu wa michezo, kufungwa si hasara kubwa kuliko zote. Hata katika mechi ya watu wazima ya dakika 90, mchezaji mmoja hukaa na mpira miguuni mwake kwa jumla ya dakika moja au mbili tu. Yule wa upande uliosahauliwa hazipati hata hizo. Msichana au mvulana aliyehudhuria mazoezi mwaka mzima, akaugusa mpira mara chache kila siku, humaliza Kidato cha Nne akiamini kwamba hana kipaji, ilhali hakuna aliyewahi kumpima. Katika mkoa ambao timu yake ya Namungo, yenye makao Ruangwa, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/2020 na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2020, vijana wengi wana ndoto ya kucheza. Haifai ndoto hiyo ipotee kwa sababu tu mpira haukuvuka uwanja.

Zoezi la kumiliki mpira na kuhamisha upande wa mchezo limekusudiwa kutibu kasoro hiyo. Wazo lake si geni katika pwani hii. Nahodha wa jahazi, upepo ukiwa wa mbele, hawezi kuuelekea moja kwa moja. Tanga litapigapiga na chombo kitarudi nyuma. Hana budi kubisha: kwenda upande mmoja, kupindua, kwenda upande wa pili, na katika kila mwendo kujipatia sehemu kidogo ya safari. Timu iliyokabiliwa na mabeki waliosongamana mbele yake imo katika hali hiyo hiyo. Pasi ya pembeni, na hata ya nyuma, ndiyo bisho lake.

Wako, hata hivyo, walimu wengi, na mashabiki wengi zaidi, watakaodai kwamba magoli hupatikana kwa pasi chache, na kwamba kuzungusha mpira ni kupoteza wakati. Dai hilo lina historia ya kisayansi, nayo yafaa isimuliwe katika darasa la hisabati. Mwaka 1950 Mwingereza Charles Reep, aliyekuwa mhasibu katika jeshi la anga, alianza kuandika katika daftari kila pasi ya mechi alizozitazama. Mwaka 1968 yeye na mtakwimu Bernard Benjamin walichapisha matokeo yao katika jarida la chama cha watakwimu cha Uingereza. Walionyesha kwamba karibu magoli 8 katika kila 10 yalitokana na mfululizo wa pasi zisizozidi 3. Makocha kadhaa wa Uingereza waliuchukua usemi huo kama sheria: mpira na upigwe mbele.

Kosa lilikuwa katika swali lililoachwa kuulizwa. Katika mechi zizo hizo, zaidi ya mara 9 katika kila 10 timu iliyoupata mpira ilimaliza mfululizo wake kabla ya pasi ya nne. Basi mwanafunzi na afanye hesabu. Katika mifululizo 100, tuseme 92 ni mifupi na 8 ni mirefu. Mifupi imezaa magoli 80 katika kila 100, na mirefu imezaa 20. Gawanya 80 kwa 92, upate karibu 0.87, gawanya 20 kwa 8, upate 2.5. Mfululizo mrefu mmoja una thamani ya karibu mifupi mitatu. Mwaka 2005 Mike Hughes na Ian Franks waliifanya hesabu ya namna hiyo kwa mechi za Kombe la Dunia, wakafikia uamuzi kama huo. Mwanafunzi mwenye kufikiri ataongeza swali la pili: je, timu hufunga kwa kuwa inaumiliki mpira, au huumiliki kwa kuwa ni bora? Hesabu hiyo peke yake hailijibu. Yatosha kwamba imeondoa ushahidi uliokuwa ukitumiwa kuutetea mkwaju wa mbele.

Mbio za mpira na mtu

Kuhamisha mpira kutoka upande mmoja hadi mwingine ni mashindano ya mbio baina ya mpira na miguu ya beki. Inasemwa kila mara kwamba mpira hukimbia kuliko mtu. Kauli hiyo ni kweli, ila haielezi ni kwa kiasi gani, na humo ndimo siri ya zoezi zima ilimo.

Chukuliwe uwanja wa shule wenye upana wa mita 60. Mpira uko kwa beki wa kulia, karibu na mstari, na wapinzani wamejazana upande wake. Winga wa kushoto yu peke yake. Beki anayemlinda ameingia ndani kusaidia wenzake, yapata mita 18 kutoka mahali winga atakapoupokea mpira. Kiungo amesimama katikati.

Wakati mpira unasafiri kutoka kwa beki wa kulia kwenda kwa kiungo, yule beki mpinzani hawezi kuondoka. Akiondoka mapema ataiacha njia ya katikati wazi, na kiungo atapenyeza mpira humo. Kwa hiyo mbio halisi huanza pale mpira utokapo mguuni mwa kiungo. Kutoka hapo hadi kwa winga ni mita 25. Pasi ya chini iliyopigwa barabara kwenye ardhi ngumu yaweza kwenda kwa wastani wa mita 11 kwa sekunde. Itafika kwa sekunde 2.3. Beki atatumia karibu sekunde 0.4 kutambua kilichotokea, kisha atakimbia mita 18 kutoka hali ya kusimama. Kwa wastani wa mita 5 kwa sekunde atahitaji sekunde 3.6. Jumla yake ni sekunde 4.0. Tofauti ni sekunde 1.7.

Faida yote ya kuhamisha mpira, kwa vipimo hivyo, haifiki sekunde 2. Ndani ya muda huo winga huupokea mpira, huinua macho na kusogea hatua kadhaa. Sasa mtazame kiungo ambaye hajafundishwa. Mpira unamfikia, anautuliza, anainama kuuangalia, anageuka, anamtafuta mwenzake, ndipo anapiga. Vitendo hivyo humla sekunde 2 au 3 kwa urahisi, na mwili wake ukishageuka kushoto, beki mpinzani amekwisha kusoma nia yake na kuanza safari. Mpira utafika kwa winga, watazamaji watashangilia, lakini hakuna kilichopatikana.

Mwalimu akiona hivyo huwa mwepesi wa kulaumu mguu: pasi ilikuwa dhaifu, piga kwa nguvu. Yawezekana. Lakini mguu wenye nguvu maradufu haukomboi sekunde 3 zilizopotea kabla ya kupiga. Kinachozipoteza ni kwamba kiungo huanza kutazama baada ya mpira kufika. Mtaalamu wa Norway, Geir Jordet, alichunguza picha za wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza, akahesabu ni mara ngapi kila mmoja aligeuza kichwa kutazama pembeni na nyuma katika sekunde chache kabla ya kupokea mpira. Katika matokeo aliyoyatoa mwaka 2013, wale waliotazama mara nyingi zaidi walifikisha pasi zao zaidi kuliko wenzao. Kugeuza kichwa hakuhitaji kiatu, uwanja wa nyasi wala mpira mpya. Kwa shule za Kilwa na Lindi hiyo ni habari njema.

Ardhi na upepo

Hesabu iliyotangulia ilikuwa ya ardhi ngumu. Msuguano hubadilisha mambo. Mpira ulioanza na mwendo wa mita 12 kwa sekunde, ukipunguziwa mita 1.5 kwa sekunde katika kila sekunde, huenda mita 20 kwa muda usiotimia sekunde 2, na bado una mwendo wa kutosha. Mchanga mkavu wa juu ya ufuko ukiupunguzia mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde, mpira ule ule husimama kabla ya mita 15. Kocha atakayefundisha pasi ya mita 25 katika mchanga wa namna hiyo atawafundisha vijana kupiga juu, apende asipende. Kwa sababu hiyo zoezi hili lifanyike ama kwenye uwanja mgumu wa shule, ama ufukweni penye mchanga mbichi saa za kupwa. Kabla ya kuanza, wanafunzi wawili wenye futikamba na saa wapige mpira, wapime umbali na muda, wakokotoe wastani. Mraba wa mazoezi upanuliwe au upunguzwe kwa kufuata kipimo hicho, si kwa kufuata kitabu cha Ulaya.

Na mpira wa juu je? Mkwaju uliopigwa kwa pembe ya nyuzi 45 ili utue umbali wa mita 35 hukaa hewani kwa karibu sekunde 2.7, hata ukinzani wa hewa usipohesabiwa. Muda huo wote uko chini ya amri ya upepo. Kusi likivuma kati ya mwaka kwa kasi ya mita 6 kwa sekunde kukata njia ya mpira, laweza kuusukuma mita 4 au 5 kando. Winga aliyekuwa peke yake hujikuta akiukimbilia mpira nje ya mstari. Wakati wa maleleji, upepo ukiwa umetulia kabla ya kaskazi kushika, mkwaju huo huo hufika salama. Hapana sababu ya kuupiga marufuku mpira wa juu. Vijana waufundishwe baadaye, wakishajua kutambua ni nani aliye wazi.

Zoezi lenyewe

Tuseme mwalimu ana wanafunzi 36, wasichana na wavulana, na mipira 3. Kwa kawaida hupangwa mistari miwili, kila mmoja akipiga na kurudi nyuma ya foleni. Mpira mmoja ukipigwa mara moja kila sekunde 5, katika robo saa hupigwa mara 180. Kwa watu 12 ni mara 15 kila mmoja, na katikati yake ni kusimama tu. Tena katika foleni hakuna cha kutazama isipokuwa mgongo wa mwenzako.

Tiba ya kwanza ni kuongeza mipira. Mpira wa makaratasi au matambara, uliofungwa vizuri kwa kamba ndani ya mfuko, hauviringiki sawasawa na wa dukani, ambao kwa sheria una mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Lakini kwa miraba midogo unafaa kabisa, na hakuna kijana wa pwani asiyejua kuufunga. Mitatu ikiongezwa, ipo 6: mpira mmoja kwa watu 6. Kila dakika chache makundi yabadilishane, ili wote waonje mpira halisi. Alama za uwanja zaweza kuwa makumbi ya nazi.

Zoezi lianze mnamo saa 10:30 alasiri, jua likiwa limepungua makali. Katika pwani hii jua huchwa baada ya saa 12 jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Kwa hiyo saa 11:50 kazi iwe imekwisha, hasa kwa wanaotembea mbali kurudi nyumbani.

Kwa dakika 15 za kupasha mwili, kila kundi la watu 6 lifanye duara, watano wakiwa pembeni na mmoja katikati. Mpira upigwe kwa aliye katikati. Wakati huo huo aliye nyuma yake, ng'ambo ya duara, ainue vidole. Wa katikati hana budi kugeuza kichwa, kutaja kwa sauti idadi ya vidole kabla mpira haujamfikia, kisha aupokee na kuupeleka huko huko. Kila dakika mtu wa katikati abadilishwe. Baada ya dakika 6 wote wamepita, na duru ya pili ianze kwa mwendo wa haraka zaidi. Zoezi hili huonekana la kitoto, na vijana wa Kidato cha Tatu watacheka. Waachwe wacheke. Katika duru ya kwanza wengi watataja idadi baada ya mpira kufika, na hapo watakuwa wamejionea wenyewe zile sekunde zinakopotelea.

Kisha kwa dakika 18 kila kundi liingie katika mraba wa mita 10 kwa 10. Wanne waumiliki mpira, wawili waunyang'anye. Kila baada ya dakika 2 wanyang'anyi wabadilishwe, ili kila jozi ifanye kazi hiyo mara tatu. Hapa mwalimu aangalie jinsi mwili unavyokaa. Anayepokea akiuelekea mpira kifua kizima, huona nusu tu ya mraba. Akisimama kiupandeupande na kuupokea kwa mguu ulio mbali na mpira unakotoka, huona pande zote mbili, na mguso wake wa kwanza humwelekeza anakotaka kwenda. Hilo lafaa kuonyeshwa mara moja, kwa vitendo, pasipo hotuba. Kundi lisiloweza kufikisha pasi 4 lipanuliwe mraba hadi mita 12. Linalofikisha 15 bila taabu libanwe hadi mita 8. Kuongeza na kupunguza huko ndiko kazi ya mwalimu katika kipindi hiki, wala asitafute nyingine.

Sehemu yenye uzito kuliko zote ni ile ya tatu, ya dakika 25 pamoja na mapumziko ya maji. Zichorwe nyanja mbili, kila mmoja upana wa mita 40 na urefu wa mita 30 tu. Uwanja uwe mpana kuliko urefu wake, kinyume cha mazoea. Kila mstari wa mwisho uwe na malango mawili madogo, ya hatua 3, moja karibu na kila kona. Wachezaji 9 wakabili 9, bila mlinda mlango. Kila timu yaweza kufunga katika lango lolote kati ya mawili yaliyo mbele yake.

Kitakachotokea chaweza kutabiriwa. Mwanzoni wote watalikimbilia lango lililo karibu, na wapinzani watajazana hapo. Dakika chache hazipiti kabla kijana mmoja hajagundua kwamba lango la pili halina mtu. Akiugeuza mpira upesi, goli. Hakuna aliyemwambia, umbo la uwanja limemfundisha. Wako wanaotoa nukta ya ziada kwa kila timu iliyohamisha upande. Zawadi hiyo ni mtego: vijana wataanza kuuhamisha mpira hata pale ambapo njia ya mbele iko wazi, na kuhamisha kutakuwa ibada isiyo na maana. Kama lango la karibu halina mlinzi, na lifungwe.

Kadhalika mwalimu ajizuie kupiga kelele za "badilisha!" kutoka pembeni. Sauti yake humfikia beki mpinzani wakati ule ule inapomfikia kiungo, na kuteketeza faida yenyewe. Zaidi ya hayo, kijana aliyezoea kutazamiwa na mwalimu hatatazama mwenyewe siku ya mashindano. Bora mwalimu asimamishe mchezo mara mbili au tatu tu katika kipindi kizima, kila mtu aganda alipo, na amwulize kiungo: "Kabla mpira haujakufikia, uliona nini?" Jibu la kweli, mara nyingi, litakuwa "Sikuona kitu." Jibu hilo lisikemewe. Mchezo urudishwe nyuma pasi moja, na kijana ajaribu tena.

Wale walio upande wa mbali nao wana wajibu. Winga akiuvutikia mpira na kuingia ndani mita 15, pasi ya mita 25 imekuwa ya mita 10, na beki wake hana haja ya kukimbia. Kungoja kwenye mstari, wakati wenzako wanapambana, ni kazi ngumu kwa kijana. Huonekana kama uvivu, na wenzake humwita mvivu. Mwalimu na aitaje kazi hiyo kwa jina mbele ya wote, ili yule aliyekuwa akisahauliwa pembeni ajue kwamba amesimama pale kwa sababu. Na mpira ukimfikia akiwa na nafasi, aachwe aupeleke mbele hata kama ataupoteza.

Upimaji

Dakika 15 za mwisho ni za mchezo huru katika uwanja mzima. Wanafunzi 36 ni timu 3 za watu 12. Mbili zicheze, ya tatu ipime. Kila baada ya dakika 5 zizunguke. Sheria yataka 11, lakini mazoezini hapana ubaya wa mmoja kuzidi.

Wapimaji wafanye kazi wawili wawili, mmoja akiwa na stopuwachi au simu, mwenzake akiwa na daftari. Wanachokitafuta ni kitu kimoja: muda tangu kiungo anapougusa mpira mara ya kwanza hadi unapotoka mguuni mwake. Jozi moja imfuate kiungo mmoja. Jozi nyingine ihesabu ni mara ngapi aligeuza kichwa kabla ya kupokea. Kidole cha mpimaji nacho huchelewa, pengine kwa sekunde 0.2, na si kila mara kwa kiasi kile kile. Kwa hiyo kipimo kimoja hakithibitishi neno. Vipimo 10 vya mchezaji mmoja, vikijumlishwa na kutafutiwa wastani, vina maana. Hapa mwalimu wa fizikia na mwalimu wa michezo wana somo moja, na mwanafunzi ambaye goti lake linamwuma ana kazi ya maana kuliko kukaa chini ya mwembe.

Ni vyema majina yasibandikwe ukutani kwa mfano wa matokeo ya mtihani. Kila mmoja aoneshwe wastani wake, na juma lijalo alinganishwe na nafsi yake.

Joto

Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ivumapo, hewa ya Kilwa na Lindi huwa na joto na unyevu kwa pamoja, na hali hiyo yadai tahadhari. Misuli ya mkimbiaji hugeuza takriban robo tu ya nishati kuwa kazi. Iliyobaki huwa joto ndani ya mwili. Jasho huliondoa joto hilo kwa kuvukiza, si kwa kudondoka. Hewa ikiwa imeshiba mvuke, jasho hutiririka bila kuvukiza, na mwili hupoteza maji pasipo kupoa. Kwa hiyo maji yanywewe kidogo kidogo kila baada ya dakika 15 au 20, kivulini, na yasifanywe kuwa zawadi ya waliofunga wala adhabu ya waliofungwa. Kijana anayelalamika kizunguzungu au kichefuchefu apumzishwe. Anayeanza kuyumba au kusema maneno yasiyoeleweka ni mgonjwa wa hatari: alazwe kivulini, amwagiwe maji mwili mzima, apepewe, na apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Mwezi wa Ramadhani, wanafunzi wengi wa pwani hii wakiwa wamefunga, sehemu ya nyanja mbili iachwe. Duara la vidole na miraba, kwa mwendo wa kutembea, vyaweza kufanywa nusu saa kabla ya futari, na jicho hujifunza vilevile. Asiyeweza kutembea apewe daftari.

Zoezi likirudiwa mara mbili kwa juma, daftari la wapimaji lilinganishwe baada ya juma la nne. Wastani wa kiungo ukiwa bado unazidi sekunde 2, mwalimu arudi kwenye duara la vidole. Ukiwa umeshuka chini ya sekunde 1, nyanja zipanuliwe hadi mita 50, beki wa kati aruhusiwe kuanzisha mashambulizi, na futikamba itolewe upya: pasi zitakuwa ndefu zaidi, na yamkini upepo nao utakuwa umegeuka.